Begi la Nyuma ya Mlango

Mlango wa nyumba yetu ya Albert Park, Durban, ghorofa ya saba, haukufunguka hadi mwisho. Ulifika nusu ukagonga begi. Mgeni aliingia kwa ubavu, na kama mgeni mwenyewe ni mnene, na wanawake wengi wa kanisani kwetu Mungu alikuwa amewajalia, ilibidi mtu alivute begi kwanza ndipo apite. Mama hakukubali lihamishwe hata kwa siku moja ya kupiga deki.

Lilikuwa begi la mgongoni, la kijani, la turubai nene. Mama alilifunga mwaka 2008, wakati wageni kutoka nchi nyingine walipokuwa wakifukuzwa mitaani na sisi tukakaa ndani tumezima redio ili tusikilize ngazi. Wafukuzaji kwenye jengo letu hawakufika. Ghasia zikaisha, watu wakarudi kazini, na begi likabaki pale nyuma ya mlango kama mkazi mwingine wa nyumba. Mfuko wa nje ulikuwa na karatasi zetu za ukimbizi na fungu la ndagala, wale dagaa wakavu ambao Mama alikuwa akiwauza mezani kwake sokoni pamoja na sombe, yaani kisamvu. Ndagala wakizeeka aliwatoa akaweka wapya. Kilichokuwa ndani zaidi ya hapo nilikuwa sikijui, na sikutaka kukijua. Nililichukia lile begi. Nilikuwa nasuka nywele saluni kutwa nzima nimesimama, na nikirudi jioni nililipiga teke kabla hata ya kusalimia.

Sasa, Mama alikuwa na nadhiri. Tulitoka Uvira, Kongo, kwa miguu tukikimbia vita, nikiwa darasa la tatu, yeye amebeba begi hilohilo kichwani na mdogo wangu mgongoni, mimi nikishika pindo la kitenge chake. Baba alikuwa ameshakufa. Mahali fulani njiani, Mama akamwambia Mungu: ukinifikishia hawa watoto mahali pa kulala, nitakuja kukuona kwa miguu yangu, bila mtu kunifukuza. Tukafuata ufuo wa ziwa, tukavuka, tukaishi kambini Tanzania, halafu tukashuka polepole hadi Durban. Mdogo wangu akakua, akaenda kutafuta kazi Cape Town. Nadhiri haikutimizwa. Kila Pasaka Mama alisema mwaka ujao, na kila mwaka kulikuwa na sababu, na mimi nilijua kwamba sababu yenyewe iko nyuma ya mlango. Angeondokaje, amwachie nani begi?

Mwaka 2012 ilitangazwa kanisani, baada ya misa yetu ya Kiswahili, kwamba mwisho wa Septemba kutakuwa na hija ya miguu kwenda misheni moja ya zamani, huko vilimani ng'ambo ya Pietermaritzburg. Mtangazaji hajamaliza, Mama amesimama. Alisimama tu, mkono juu, kama mtoto anayejua jibu.

Mkuu wa safari alikuwa kiongozi wa akina mama, muuza vitenge, ambaye wote tulimwita Maman Présidente. Yule mama ana sauti ya kusimamisha magari kuliko robot, zile taa za barabarani. Sheria yake ilikuwa moja: kila mtu abebe begi lake. Gari dogo la mizigo litabeba sufuria, mablanketi na wale watakaoshindwa miguu. Ili wajulikane mapema watakaoshindwa, kutakuwa na mtihani. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kitambo, kwa hiyo jengo letu likachaguliwa kuwa mlima. Unapanda hadi ghorofa ya saba na begi lako kamili. Ukifika bila kukaa, unatembea. Ukikaa, unapanda gari.

Jumapili ile ya mtihani ndipo nilipoona watu wangu wanavyofunga mizigo, nikataka kulia kwa kicheko. Wote walikuwa wamefunga kwa ajili ya kufika. Hakuna aliyefunga kwa ajili ya kwenda. Kila mwanamke alikuwa na kitenge cha sare, cha buluu chenye maua meupe, kimeshonwa, kimetiwa wanga, kimenyooshwa. Kila mmoja alikuwa na viatu vya kisigino. Kulikuwa na wigi ndani ya boksi lake. Maman Présidente mwenyewe alikuwa na pasi ya umeme.

"Maman, pasi?" nikamwuliza.

"Weye unataka nimusalimie Mama wa Mungu na mikunjo?" akanijibu. "Unamwona yeye kwa picha iko na mikunjo?"

Nikawaambia, jamani, ni Septemba. Mimi hali ya hewa ya Durban naisoma kwenye nywele za wateja. Mwezi wa saba nywele zinatulia. Ukizinyoosha leo zitakaa wiki mbili. Septemba haziaminiki. Asubuhi unakuja upepo wa moto kutoka bara, unakausha kichwa mpaka ngozi inawasha. Mchana upepo unageuka unatoka baharini kusini, na kabla hujamaliza mstari mmoja wa rasta unasikia mvua, na mteja aliyekuja na kigauni anaomba kuazimwa sweta. Na hiyo ni hapa chini. Huko juu vilimani je? Bebeni sweta, bebeni plastiki, bebeni kofia. Wakaniangalia kana kwamba nimewaambia wabebe matofali.

"Sweta juu ya kikwembe?" mmoja akauliza, kwa huruma, akikipapasa kitenge chake.

Mama akapanda na begi lake la kijani. Hakuwa ameongeza kitu wala kupunguza. Alikuwa amefunga kitenge cha sare kwa nje, kwenye kamba, kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi. Nilimfuata nyuma. Ghorofa ya pili alikuwa anaimba. Ya tatu aliacha kuimba. Ya nne akageuka, akaushika ukuta, akakaa kwenye ngazi, na begi likamvuta nyuma kidogo.

"Maman, utapanda gari," Maman Présidente akasema, na safari hii alisema kwa upole.

"Miye sikumuahidi Mungu gari," Mama akasema.

Akapewa nafasi moja zaidi: Jumamosi iliyofuata kungekuwa na matembezi ya mazoezi hadi Queensburgh. Akitembea na begi lake hadi kule, basi. Asipoweza, gari, na asiulize tena.

Tulipobaki wawili nikaanza. Mama, toa vitu. Begi hili halijui kama tunakwenda kusali. Hata sweta yako bado iko kabatini. Utaungua jua, utalowa mvua, na nadhiri yako itaishia kwenye kiti cha mbele pembeni ya sufuria. Alikuwa anakata vitunguu. Hakuacha kukata.

"Na wakikuja?" akasema.

"Nani?"

"Unawajua. Sisi tuko kwa njia, mbali, na wakikuja, tutakimbia na nini? Na kofia?"

Ningemwambiaje hawatakuja? Nilikuwepo mwaka 2008. Niliwasikia kwenye mtaa wa pili. Nikaenda kulala na hasira zangu.

Jumamosi ikawa siku ya upepo wa moto. Tulitoka asubuhi, tukapita Umbilo, tukapanda kuelekea Queensburgh tukiimba, na hewa ilikuwa kama unafungua mlango wa oveni. Mijakaranda ilikuwa haijachanua bado, matawi makavu tu, kivuli hakuna. Ndagala katika mfuko wa nje wakapata joto. Wanawake waliokuwa nyuma ya Mama wakaanza kupunguza mwendo, mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka Mama akawa anatembea peke yake na nafasi kubwa nyuma yake. Alitembea vizuri. Alikuwa mwekundu machoni na jasho likimtiririka, lakini hakukaa.

Tulipofika Queensburgh upepo ukakatika ghafla. Nikajishika nywele, zilikuwa zimeanza kuvimba. Nikasema mvua. Wakacheka. Wingu likaja kutoka upande wa bahari, jeusi, la chini, na baridi ikatangulia mbele yake. Tukakimbilia kwenye baraza ya duka lililofungwa, tukasimama tumebanana, maji yakipiga bati. Wale wa vigauni vyepesi wakaanza kujikumbatia. Jasho la Mama likageuka barafu mgongoni mwake. Midomo ikawa ya kijivu, meno yakagongana.

"Fungua begi," nikasema. "Toa chochote."

"Hapana. Si mbele ya watu."

"Mama, fungua!"

Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. Akalivua, akapiga magoti, akafungua kamba. Vitu vikatoka kimoja baada ya kingine juu ya saruji ya baraza. Sufuria ndogo, ya kupikia watu watatu. Chumvi ndani ya chupa. Viberiti vimefungwa kwenye plastiki. Kipande cha shitingi, lile turubai jembamba la nailoni walilotugawia kambini, kimekunjwa vizuri. Kikombe cha bati chenye mdomo, cha kunyweshea mtoto uji. Halafu, chini kabisa, sweta mbili. Moja ya mtoto mchanga. Nyingine nyekundu, yenye kitufe kimoja cha rangi tofauti.

Nilikitambua kitufe kwanza. Kilikuwa cha koti la baba yangu. Hiyo ilikuwa sweta yangu ya darasa la tatu.

Baridi inamfanya mtu mjinga. Niliichukua nikajaribu kuivaa. Mkono ukaingia hadi kiwiko ukakwama. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mrefu kuliko Mama, mwenye mabega ya kusuka watu kutwa, nimesimama Queensburgh kwenye mvua na mkono wangu umekwama ndani ya sweta ya mtoto. Nikamwangalia Mama. Alikuwa anautazama ule mkono.

"Hiyo triko haiingie hata kwa paka," Maman Présidente akasema.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa bado amepiga magoti, mpaka akashika sakafu. Nami nikacheka, na wote wakacheka, watu wenye baridi hucheka ovyo. Halafu nikaona kicheko chake kimebadilika, na anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Nilifunga ya watoto," akasema. "Mikono ilifunga yenyewe. Nilisema nimefunga ya sisi, kumbe nilifunga ya watoto." Akaushika mkono wangu pale ulipokwama, akaubonyeza kama anayekagua ndizi sokoni. "Na watoto wenyewe wamekwisha komaa."

Tulilikunjua lile shitingi, tukajifunika nalo wanawake watano, tukangoja mvua ipite. Lilikuwa na harufu ya kambi. Sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi na sikuichukia kama nilivyodhani nitaichukia.

Jioni ile Mama alilimwaga begi lote juu ya kitanda mwenyewe. Sikumsaidia, niliona si kazi yangu. Sufuria akairudisha jikoni, chumvi akaimimina kwenye kopo la chumvi. Ndagala akawapika na sombe, tukala chakula cha kukimbia, na kilikuwa kitamu. Karatasi akampelekea jirani wa ghorofa ya pili, Mrundi muuza simu, mtu wa sala, amtunzie kwenye kabati lake la chuma.

"Sharp, Mama, hakuna shida," yule jirani akasema. "Zitalala hapa kama mtoto."

Tukipanda ngazi kurudi, Mama akauliza tena, lakini safari hii kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Na wakikuja?"

"Watakuta hatuko," nikasema. "Tumekwenda kusali."

Akafikiri ghorofa nzima. "Basi wangoje," akasema.

Ndipo tukafunga begi la Septemba. Tuligombana vizuri, kwa raha. Mimi nilitaka cha kuhitajika kwanza kiwe juu: mifuko myeusi ya taka, iliyotobolewa shimo la kichwa, ndiyo makoti yetu ya mvua. Chini yake sweta, ya saizi yake, na kofia ya sufu. Kofia pana ya jua nje, kwenye kamba. Soksi nene, na magazeti makavu ya kuvijaza viatu vikilowa. Vazelini ya mapaja, kwa sababu hakuna anayekwambia, lakini mapaja ndiyo yanayomaliza watu njiani. Kitenge cha sare Mama hakukubali kikunjwe. Alikizungushia lile bomba la karatasi ngumu ambalo wauza nguo huvingirishia vitambaa, akakitia ndani ya plastiki, kikakaa chini kabisa bila mkunjo hata mmoja. Hilo nilimkubalia. Na shitingi alilirudisha.

"Hilo la nini tena?"

"La mvua," akasema, akinishangaa.

Ingawa Queensburgh alikuwa ameshafaulu, aliomba mtihani wa ngazi tena, akapanda hadi ghorofa ya saba mbele ya Maman Présidente, akafika, akaegemea mlango. Ulifunguka hadi mwisho ukambamiza ukutani. Sisi wenyewe tulikuwa hatujazoea.

Safari yenyewe ilituonyesha kila kitu. Siku ya kwanza tukipita Westville na msalaba mbele, mama mmoja Mzungu alisimamisha gari akauliza kama tumegoma, na tunadai nini. Maman Présidente akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba tunadai uzima wa milele. Yule mama akafikiri kidogo, akatupatia chupa za maji. Jua lilituchoma siku hiyo, na kufika Botha's Hill tulikuwa ndani ya ukungu ambao humwoni aliye mbele yako, unamfuata kwa wimbo. Baada ya Pietermaritzburg ikaja mvua ya mawe, tukavaa mifuko ya taka, kundi zima la watu weusi wenye plastiki nyeusi, tukaimba. Wenye visigino ndani ya mabegi walikuwa wanavilaani kimyakimya. Mama alitembea. Kila asubuhi nilimtazama akilivaa lile begi, na sikuona yule mwanamke wa barabara ya Uvira. Yule hakuwa akisimama kuangalia maua. Huyu alisimama kwa kila ua, mpaka nikawa namsukuma.

Na niseme ukweli kuhusu pasi niliyoicheka. Tulipofika misheni tukapewa madarasa ya kulala, na darasa moja lilikuwa na umeme. Soksi zetu zote zilikuwa zimelowa, na kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Maman Présidente akachomeka pasi yake, akazikausha soksi za watu wote, jozi baada ya jozi, mvuke ukipanda. Halafu akanyoosha vitenge. Alinitazama tu kila alipogeuza soksi.

Kitenge cha Mama hakikuhitaji pasi. Alikivaa, akaingia kanisani, akaenda hadi mbele, akasimama. Sikutaka kumsikiliza lakini nilikuwa kando yake kabisa.

"Nimefika," akasema. Akageuka akatazama mlango wa kanisa, uliokuwa wazi, na uwanja mtupu wenye jua nje. "Na hakuna mtu nyuma."

Nililia pale, sikujificha.

Wiki moja baada ya kurudi nilitoka saluni, nikasukuma mlango, ukagonga. Begi lilikuwa limerudi mahali pake, limejaa, limefungwa. Nikasema kumbe yote yale, njia yote ile, ilikuwa bure. Nikalifungua nikiwa na hasira. Ndani kulikuwa na soksi zilizofuliwa, kofia ya sufu, mifuko ya taka mipya, shitingi, na bomba la karatasi ngumu linalongoja kitenge. Juu kabisa kulikuwa na sweta nyekundu. Niliipima begani. Ilikuwa ya saizi yangu.

"Ya mwaka ujao," Mama akasema kutoka jikoni.

Tukaenda mwaka ujao, na uliofuata. Nikazoea kuingia kwa ubavu.

Mwezi wa nne mwaka 2015 ghasia zilirudi. Ilikuwa mchana. Tulishusha mlango wa saluni na mteja kichwa nusu, nikakimbia nyumbani, nikapanda ghorofa zote saba katikati ya watu wanaoburuta masanduku. Mama alikuwa ameketi anachambua mchele. Nikalivuta begi, nikaanza kutoa soksi, kofia, plastiki, nikizitupa kitandani ili nipate nafasi ya karatasi na sufuria. Mama akaja akanishika kifundo cha mkono.

"Acha," akasema. "Hivyo ni vya Septemba."

"Na wakija?" nikamwuliza. Sauti yangu mwenyewe ilinitisha.

Aliokota soksi moja moja, akazirudisha, halafu kofia, halafu mifuko ya taka, kila kitu kwa mpangilio ule niliomfundisha mimi, cha kuhitajika kwanza kikiwa juu. Akakaza kamba. Akalisukuma begi kwa goti hadi nyuma ya mlango, akafunga komeo, akarudi kwenye mchele wake. Huko chini kelele zilikuja, zikapita, zikaja tena, mpaka jioni zikanyamaza. Tulikula wali.

Septemba tukaenda.